Dubu hali gome: tuliyojifunza kwenye misonobari ya Washington

Dubu hali gome. Wengi wetu tuliingia katika misitu ya pwani ya magharibi ya Marekani tukiamini kinyume, na karibu makosa yote yaliyofuata yalizaliwa hapo. Okota ukanda mmoja wa gome chini ya mti ulioambuliwa, ugeuze, utazame upande wa ndani. Ni laini, unateleza, hauna alama ya jino. Sasa tazama mti wenyewe. Pale palipobaki wazi pana mistari iliyosimama wima, imepangana kama njia za kitana kwenye nywele zilizolowa, kuanzia karibu na ardhi mpaka usawa wa kifua. Hayo ni meno ya mbele. Dubu amelivuta gome kwa kucha na meno, amelitupa, kisha ameukwangua mti.

Anachokwangua ni utando mwembamba wenye majimaji ulio kati ya gome na mbao. Humo ndimo mti hutengeneza mbao mpya upande wa ndani na gome jipya upande wa nje, na kando yake tu, kwenye tabaka la ndani la gome, ndimo sukari inayotoka kwenye majani hupita kuelekea mizizini. Ukiuonja ni mtamu kidogo, wenye ukakasi wa utomvu. Ukilielewa jambo hili moja, kwamba mnyama huyu anafuata sukari na ana wiki chache tu za kuipata kwa urahisi, hutapoteza fedha nyingi kama zilizopotezwa na waliotangulia.

Yanayofuata yanahusu mashamba ya msonobari wa Douglas, unaoitwa na wataalamu Pseudotsuga menziesii, katika milima ya pwani ya majimbo ya Washington na Oregon. Yameandikwa kwa ajili ya mtu aliyepewa kusimamia shamba la namna hiyo, au aliyeajiriwa kupogoa na kupunguza miti, bila kuelezwa lolote kuhusu dubu.

Kazi inaanza Aprili. Dubu mweusi wa Marekani ametoka kwenye usingizi wa majira ya baridi akiwa amepoteza kati ya asilimia 15 na 30 ya uzito wake, na jike aliyezaa na kunyonyesha humohumo pangoni amepoteza zaidi. Njaa ni kali lakini msitu bado hauna kitu. Kuna nyasi changa, majani ya kwenye madimbwi na wadudu chini ya magogo. Tumbo la dubu si la ng'ombe, hivyo nyasi zikishakomaa kidogo hazimpi nguvu. Matunda ya mwituni ya mapema huanza kuiva Juni, na mengi hungoja Julai na Agosti. Wiki hizo za katikati ndizo mbaya.

Sasa mti nao unaamka wiki hizohizo. Seli mpya zinatengenezwa chini ya gome zikiwa teketeke, zimejaa maji, na gome lililokuwa limegandamana na mbao majira yote ya baridi linaachia. Wafuga nyuki wa Tabora wanaotengeneza mizinga ya magome ya miyombo hawahitaji kufundishwa hili, kwani wanajua kuwa mti una wakati wake wa kuambulika, na nje ya wakati huo utavunja kucha bure. Dubu naye anaujua. Anang'ata au anapiga kucha chini, anavuta kwenda juu, na ukanda unatoka mrefu, wakati mwingine kuliko mtu. Dubu mmoja anaweza kuambua hadi miti 60 au 70 kwa siku moja. Tulipoisikia idadi hiyo kwa mara ya kwanza tulidhani imetiwa chumvi. Asubuhi moja ya kuhesabu vigogo vyeupe kwenye mteremko mmoja inatosha kuiondoa shaka hiyo.

Kinachouma zaidi ni miti anayoichagua. Haendi kwenye mti dhaifu uliobanwa na wenzake. Anataka wenye umri wa miaka 15 hadi 30, unaokua haraka, wenye kichwa kipana cha matawi mabichi, uliosimama mahali penye mwanga. Ni mti uleule ambao kikosi cha kupunguza kiliuwekea alama ubaki, kikakata jirani zake ili upate nafasi. Watafiti wa serikali ya Marekani waliokuwa na kituo Olympia, Washington, walipima jambo hili katika miaka ya 1990 na wakaona kwamba dubu hupenda mti wenye sukari nyingi na terpeni chache, yaani zile kemikali kali zinazoupa utomvu wa msonobari harufu yake. Kupunguza miti huongeza sukari kwa kuongeza mwanga. Mbolea ya urea nayo hukuza mti haraka na kuuweka katika kundi lile lile linalopendwa. Kwa maneno mengine, kila tunachofanya ili mti uwe bora kwa kiwanda cha mbao kinaufanya uwe bora kwa dubu pia.

Kosa letu la kwanza, basi, lilikuwa la kalenda. Shamba la miaka 17 lililokuwa na historia ya dubu lilipunguzwa miti majira ya baridi na kutiwa mbolea mara moja, ili kazi zote ziishe pamoja. Majira ya kuchipua yaliyofuata, miti iliyoambuliwa ilikuwa ile iliyobakizwa, na hapakuwa na akiba kwa sababu ya ziada yote ilikuwa imeshakatwa. Mahali penye dubu wengi, acha kwanza kupunguza mpaka miti inenepe, au punguza kidogo ubakize mingi kuliko kitabu kinavyotaka. Hiyo mingi ni bima. Mbolea isogeze mbali na mwaka wa kupunguza. Utapoteza ukuaji kidogo, ndiyo, lakini ukuaji huo ungeliwa.

Hasara ya mti mmoja haihesabiwi kwa bei ya kigogo tu. Mti wa miaka 20 umeshakula gharama za mche, kupanda, palizi na ardhi kwa miaka yote hiyo, na ungebaki miaka mingine 20 au zaidi kabla ya kuvunwa. Ukifa, huwezi kupanda mche mwingine palepale, kwa kuwa msonobari wa Douglas haukui vizuri kivulini na majirani zake wameshafunga anga. Pengo hubaki pengo mpaka siku ya mavuno. Na ule usiokufa huharibika gogo la chini, ambalo ndilo nene, lisilo na mafundo mengi, na lenye bei.

Kosa la pili lilikuwa kulaumu dubu kwa kila mti mwekundu. Mti ulioambuliwa kuzunguka wote haufi siku hiyo. Maji yanaendelea kupanda kupitia mbao za ndani, majani yanabaki kijani, na kwa miezi kadhaa mti unaonekana mzima. Kilichokatika ni njia ya sukari ya kushuka. Mizizi inakula akiba yake mpaka inaisha, ndipo kichwa kinakuwa chekundu, mara nyingi mwaka unaofuata. Kwa hiyo wekundu unaouona mwaka huu ni habari ya mwaka jana. Ukitazama ukiwa kwenye ndege, mti uliouawa na dubu na ule uliouawa na ugonjwa wa mizizi ni vigumu kuutofautisha, na ukaguzi wa ardhini umewahi kuonyesha mara nyingi kwamba miti iliyoandikwa ya dubu ilikuwa na ugonjwa wa mizizi. Ukinunua kinga ya dubu kwa shamba lenye kuvu wa mizizini, umetupa fedha.

Shuka kwenye gari, ufike kwenye mti, uuguse. Dubu huacha mistari mipana ya meno iliyosimama wima kwenye mbao tupu, magome marefu chini, na mara nyingi alama za kucha pembeni mwa jeraha. Nungunungu hula zaidi majira ya baridi, mara nyingi juu ya mti, na meno yake ni membamba, yanaacha mikwaruzo mifupi inayokatana huku na huku. Kindi huondoa viraka vidogo juu, na chini unakuta vipande vidogo vidogo vya gome. Kulungu na elki, yaani kulungu wakubwa wa huko, husugua pembe zao kuanzia mwisho wa kiangazi, na gome huchanika nyuzinyuzi bila meno. Panya wa shambani hutafuna shina palepale ardhini, chini ya theluji. Mti wa ugonjwa wa mizizi una gome lake lote. Majani yake hufifia polepole kwa miaka, majirani wanafuata mmoja mmoja duara likipanuka, na ukiusukuma wakati mwingine unaanguka wenyewe, mizizi imeoza.

Kuna pia mti ambao dubu hakula kabisa. Utakuta umeng'atwa na kukwaruzwa kwenye usawa wa kichwa cha mtu, gome limesuguliwa, na manyoya yamenasa kwenye utomvu. Huo ni mti wa kusugulia mwili na kuacha harufu, na mara nyingi uko kando ya njia. Usiuhesabu katika hasara.

Rangi ya jeraha nayo inasema. La wiki hii ni jeupe kama nazi, limelowa, linanukia. Baada ya muda linakauka na kuwa la njano, utomvu unatiririka pembeni na kuganda. La mwaka jana na kurudi nyuma ni la kijivu. Wanaohesabu bila kutofautisha haya hujikuta wanahesabu mti uleule miaka mitatu mfululizo na kupeleka ofisini ripoti ya maangamizi ambayo hayapo.

Kipimo kinachofaa ni sehemu ya mzingo iliyoambuliwa. Chukua futi kamba, pima mzingo wa mti pale jeraha lilipo pana zaidi, kisha pima upana wa jeraha. Mti wa kipenyo cha sentimita 25 una mzingo wa takribani sentimita 78. Jeraha la sentimita 20 ni kama robo, na mti huo una kila nafasi ya kuishi. La sentimita 60 limeacha njia nyembamba tu ya gome na mti utadumaa hata kama hautakufa. Likikutana na kuzunguka wote, usipoteze dawa wala rangi wala udongo kuupaka. Hapo hapana cha kuokoa. Msomaji wa Tanzania atasema tembo wa Ruaha na Tarangire wanabandua mibuyu na mibuyu inaota gome tena. Ni kweli, kwa kuwa shina la mbuyu ni laini na limejaa seli hai zinazoweza kujijenga upya. Msonobari hauna uwezo huo. Unachoweza ni kuota kingo za jeraha kuelekea katikati, taratibu, na kama hapajabaki ukingo hai hapana kitu cha kuota.

Tembea kwa mistari iliyonyooka, umbali sawa kati ya mstari na mstari, na kwa kila mti andika mambo matatu tu, yaani mzima au la, jeraha jipya au la zamani, na robo ngapi za mzingo zimekwenda. Anza kukagua mwishoni mwa Aprili na urudie kila wiki mbili mpaka Julai. Nendeni wawili, mkiongea kwa sauti, na kila mmoja avae kiunoni, si ndani ya begi, dawa ya pilipili ya kupulizia dubu. Majike wenye watoto wako humohumo. Ukikuta kigogo bado kinatiririka maji na magome hayajajikunja, mwenyewe yuko karibu. Geuka urudi ulikotoka.

Katika kinga zote, iliyotupa imani zaidi ni kupogoa. Matawi ya chini ndiyo hulisha sehemu ya chini ya shina, na ukiyaondoa, sukari katika usawa ule ambao dubu anafikia inapungua. Wale watafiti wa Olympia waliona hivyohivyo walipopima miti iliyopogolewa katika mashamba yaliyopunguzwa. Faida ya pili ni mbao zisizo na mafundo. Pogoa majira ya baridi mti ukiwa umelala, kwa msumeno wa mkono wenye mpini mrefu, kata nje kidogo ya uvimbe wa tawi bila kujeruhi gome, na usiondoe zaidi ya theluthi ya matawi mabichi kwa mara moja. Usipogoe Mei, kwani msumeno ukiteleza gome lililolegea linachanika na umemfanyia dubu nusu ya kazi. Ni kazi ya gharama, mti kwa mti, kwa hiyo anza na miti bora ya miteremko ile ambayo hesabu imeonyesha dubu anarudi kila mwaka. Wala usitegemee muujiza. Dubu mwenye njaa atauambua mti uliopogolewa kama hana mwingine, na nguvu ya kupogoa inaonekana pale anapokuwa na wa kuchagua.

Kulisha dubu ni hadithi nyingine. Umoja wa wenye misitu wa jimbo la Washington ulianza mwaka 1985 kuweka vituo vya chakula cha punje chenye sukari, kile cha kushindiliwa kama cha mifugo, ili dubu wawe na kitu bora kuliko mti mpaka matunda yaive. Mantiki ilikuwa sahihi, kwa kuwa dubu walizipendelea punje kuliko kukwangua, na matunda yalipoiva waliziacha wenyewe. Makosa ya watekelezaji tumeyaona kwa namna tatu. Wengine waliweka mapipa baada ya kuona vigogo vyeupe, wakati dubu alikuwa ameshazoea shamba, ilhali chakula kinatakiwa kiwepo kabla ya gome kulegea. Wengine waliacha pipa likauka katikati ya Mei, na hapo ukawa umemkusanya mnyama mahali pamoja kisha ukamwacha na njaa katikati ya miti yako. Wengine waliweka karibu na barabara na nyumba. Kabla ya kuweka hata kilo moja, uliza mamlaka ya wanyamapori ya eneo lako, maana sheria zinatofautiana na hubadilika, na usitumie chakula cha binadamu kwa hali yoyote.

Na bunduki? Oregon ilipiga kura mwaka 1994, Washington mwaka 1996, kuzuia kuwinda dubu kwa chambo na kwa mbwa, ingawa kuna taratibu za kibali pale hasara inapothibitishwa. Tumesikia kila hoja kutoka kwa wenye mashamba, na hasira yao tunaielewa kwa kuwa tumesimama kwenye miteremko hiyohiyo. Lakini kumuondoa dubu mmoja kunaacha nafasi, na mwingine anaingia. Meza ya sukari bado imeandaliwa.

Wajapani wamelipia somo hili kwa bei kubwa. Wana neno maalumu la dubu kuambua mti, kumahagi, na mnyama wao ni dubu mweusi wa Asia anayeambua sugi na hinoki, miti ya mbao ya jamii ya misonobari, katika mashamba yaliyopandwa kwa wingi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Katika kisiwa cha Shikoku dubu waliwindwa kwa miaka mingi kama waharibifu wa miti hiyo, na leo wamebaki wachache wa kuhesabika, kwenye milima ya mpaka wa mikoa ya Tokushima na Kochi, katika hatari ya kutoweka kisiwani. Mashamba mapana ya mti wa aina moja, ambamo matunda ya porini yamepungua, yamebaki.

Sehemu nyingine za Japani hufunga miti. Utepe wa plastiki au kamba huzungushwa kwenye shina kuanzia chini kabisa hadi kama mita moja na nusu, mizunguko ikiachana kidogo, ili kucha na meno yakose pa kuanzia. Inafaa kwa miti iliyokaribia kuvunwa, ambayo thamani yake inalipa siku za kazi. Lazima ifike ardhini, maana dubu huanzia kwenye vimbe vya mizizi na pengo la sentimita 20 chini linamtosha. Na lazima ilegezwe mti unaponenepa. Utepe uliosahaulika unazama kwenye gome na kuukaba mti, na hapo umeuambua mwenyewe polepole.

Kufikia katikati ya Julai gome linashika tena, matunda yameiva kwenye vichaka vya kando ya barabara, na kinyesi cha dubu unachokikuta njiani kimebadilika, kimejaa mbegu. Ukaguzi unaweza kuisha. Miti iliyoambuliwa kuzunguka yote iwekee alama kwa ajili ya kuvunwa mapema kama ina unene wa kuuzika, kabla ya mbawakawa na kuvu kuishusha daraja. Yenye jeraha la robo au nusu iache, lakini iandike kwenye ramani, kwani kuvu wa kuozesha huingia kupitia mbao tupu na siku ya mavuno gogo lile la chini litakatwa mahali tofauti na mengine.

Siku hiyo, kama una nafasi, tazama kisiki chake. Duara za mwaka zinakwenda vizuri kutoka katikati, kisha upande mmoja zinakatika ghafla kwenye mstari mweusi wa utomvu, na zinazofuata zinajipinda kutoka pande mbili kama midomo inayofumba. Hesabu kutoka ukingo wa nje, panapokua, mpaka kwenye ule mstari. Hiyo ndiyo idadi ya miaka tangu dubu alipopita.